Hasi Hamsini na Moja

Chupa ya kwanza niliijaza Kaloleni, jalalani,
saa kumi na mbili kasorobo, upepo haujaamka.
Bomba la sindano, kizibo cha mpira, kalamu isiyofutika.
Mlinzi, Bwana Kisamo, akauliza nanunua nini.
Nikamwambia: hewa.
Akacheka hadi akaegemea geti.
"Chukua bure. Chukua yote."

Ya pili, Chekereni, mashamba ya mpunga:
maji yamelala, na kutoka topeni vipovu
vinapanda kimojakimoja, kama mtu anayekumbuka jambo.
Ya tatu, mabwawa ya majitaka, Mabogini.
Hiyo sitaieleza.
Ya nne, Kibosho, kwa mama,
chini ya pua ya ng'ombe aitwaye Sifuri
kwa kuwa alizaliwa wiki niliyofeli hesabu chuoni.

Mama alishika kamba, akatazama pembeni.
"Pumzi ya ng'ombe," akasema, "nayo ina hati?"

Ina, mama.
Methani haina rangi, haina harufu;
uvundo unaousikia ni wa jirani zake.
Lakini ndani ya kila chembe yake mna kaboni,
na kaboni wamezaliwa wengi wepesi, kumi na mbili,
na mmojammoja mzito, kumi na tatu,
kama mtoto aliyemeza kokoto:
anacheza na wenzake, anakula nao,
ila kwenye mlima hubaki nyuma.
Kazi yangu ni kuhesabu waliobaki nyuma.

Kila mmea una mlango wake.
Mgomba ni mchaguzi, humzuia mzito kizingitini.
Mahindi hayachagui sana; wala matete, wala miwa.
Mpunga, ingawa ni jamaa ya nyasi, unafuata desturi ya mgomba.
Ng'ombe akila, akacheua, akabeua,
desturi ya mlangoni inamtoka mdomoni.
Tumbo husaga kila kitu isipokuwa ukoo.

Chupa zikapanda basi la Arusha, zimeviringishwa kwenye kanga.
Wiki sita, kimya.
Kisha jedwali.

Jalala, hasi hamsini na nne.
Mpunga, hasi sitini na tatu.
Majitaka: kizibo kilivuja.
Kibosho nilitarajia hasi sitini na nane,
kwa sababu mama, kila simu, miaka minne sasa:
"Sifuri anakula vizuri. Migomba ya baba yako imejaa."

Niliondoa hewa ya kawaida, nikavuta mstari.
Nikaufuta. Nikauvuta tena, polepole,
kama anayetembea gizani karibu na mfereji.
Hasi hamsini na moja.

Mashine haijui kusema *mahindi*.
Inasema tu: si mgomba.
Matete hatujawahi kupanda. Miwa, ya nini?
Mabua, basi. Mabua ya tambarare,
yanayopandishwa kwa pikapu na kuuzwa kwa mzigo
kwa watu wasio na kihamba.

Ndipo nikakumbuka ile asubuhi, chupa mkononi:
mwanga mwingi mno nyuma ya zizi.
Pikipiki mpya ya kaka Ndesario, nailoni bado kitini.
Masale ya mpaka yamesogea,
yamesogea hadi karibu na kaburi la baba,
majani yake bado hayajajua yamehamishwa.
Niliyaona.
Niliandika joto la hewa na upepo unakotoka.

Leo nimepiga.
"Sifuri hajambo?"
"Hajambo, anakula vizuri. Migomba ya..."
"Mama."

Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia
kitu kikavu kikivunjika menoni, ka, ka, bila haraka.
Ng'ombe hajui kuficha.

"Ile chupa," akauliza mama,
"ilisema nini?"